Sauti ya Baba Yako Niliyoichoma

Jericho, Jumapili mchana

Mwanangu Nafula,

Hali yako sikuulizi, kwa maana umetoka mlangoni sasa hivi ukicheka na binamu yako, mnakwenda sokoni kusukwa nywele. Yangu nayo usiniulize mpaka umalize kusoma. Nina saa tatu hivi kabla hujarudi, na nimejifungia ndani kama mtu anayeiba.

Kesho saa kama hizi utakuwa angani. Mambo ya pasipoti, ya kuficha nakala ya mkataba, ya kutotia sahihi kwenye karatasi usiyoielewa, hayo yote shangazi yako amekwambia mpaka umeyakariri. Huko Doha utafagia wodi za hospitali miaka miwili, na najua utazifagia vizuri. Kuhusu kazi sina la kukufundisha. Ninalotaka kukuambia nimelificha miaka ishirini, na linahusu muziki. Usishangae. Umekulia nyumba isiyo na redio. Nyimbo ulizisikia kupitia ukuta wa jirani, na ulipopata simu ukawa unazisikiliza kwa vile vidude vya masikioni, kama mtu anayekula mchana wa mfungo. Leo utajua kwa nini.

Nianze na baba yangu, babu yako usiyemjua. Alifanya kazi reli, tukakaa nyumba za reli kule Makongeni. Alikuwa na gramafoni, na santuri moja kubwa aliyoipenda kuliko zote. Ilikuwa ya bendi ya kutoka Kongo, na jalada lake lilikuwa na picha ya wanaume wanane waliovaa suti nyeupe. Jumamosi mchana akirudi amelewa, aliiweka santuri ile na kufungua sauti mpaka mwisho. Majirani walisema, "Huyo mzee anajua kustarehe." Hawakujua kwamba aliiweka ili wasisikie anavyompiga mama yangu.

Upande wa kwanza ulikuwa na nyimbo nne. Mimi na mdogo wangu tulikaa chini ya meza tukizihesabu, kwa sababu wa nne ukifika, mkono wake huwa umechoka. Wa nne ni wimbo mzuri sana, Nafula. Hilo ndilo lililonitesa. Magitaa matatu yanafukuzana polepole, kisha moja linabaki peke yake, halafu sauti za wanaume zinaingia laini kama watu wanaoingia nyumba ya msiba. Mpaka leo nikiusikia dukani au harusini, natoka nje. Nilikua nikiamini kwamba muziki ukiwa juu, chini yake kuna mtu analia.

Kwa hiyo sikuwa mtu wa dansi. Nilipofika miaka ishirini na mbili nilikuwa nakaa kwa mama yangu mdogo hapa Jericho. Jumapili alasiri kulikuwa na dansi pale sosho, ukumbi wa mtaa, naye akanituma nikauze mandazi mlangoni. Hapo ndipo nilipomwona baba yako. Bendi yao ilikuwa ya watu sita, yenye jina refu la kujisifu ambalo lilibadilika kila mara walipogombana. Wote walitazama watu, isipokuwa mpiga gitaa mmoja mrefu, shati limechomolewa, aliyeelekea ukutani. Alipiga alasiri nzima akiwa ametupa mgongo.

Alipotoka kununua mandazi nikamuuliza, "Mbona unawapa watu mgongo?"

"Nikiwaona nakosea," akasema.

"Na mimi je, ukiniona?"

"Wewe nimeshakosea. Nimekupa hela ya mandazi manne na nimechukua matatu."

Nilicheka mpaka mama mdogo akanikodolea macho. Lakini si mzaha ulionichukua. Ni gitaa lake. Lilikuwa chini. Wenzake walivuta sauti juu, naye akabaki pale pale, ikabidi uinamishe kichwa kumsikia. Nikajiambia huyu mwanamume hana anachokifunika.

Wanjala alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana ya reli. Tulioana, tukapata chumba hiki hiki unachokihama kesho, ukazaliwa wewe. Ulikuwa hujaanza kutambaa reli ilipopunguza watu, naye akapigwa kalamu. Akaanza kwenda kusimama kwenye malango ya viwanda upande wa Mukuru kwa Reuben, pamoja na mamia ya wengine, kungojea kibarua. Siku nyingine aliitwa, siku nyingine alirudi saa nne na vumbi la bure viatuni. Kiwanda kimoja cha beseni za plastiki kikamchukua. Mwezi wa pili, mashine ikamkata vidole viwili vya mkono wa kushoto na nusu ya cha tatu.

Mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi. Alipotoka hospitali aliliangalia gitaa ukutani muda mrefu, kisha akaniomba nilirudishe kwa mwenye bendi. Yeye hakuweza kulibeba.

Hapa ndipo kosa langu la kwanza linapoanza, na nakuomba usome polepole, maana mimi pia naliandika polepole.

Kidonda nilikiosha. Kila asubuhi, kwa maji ya chumvi, bila kukunja uso. Kila mtu aliniona mke mwema. Lakini kidonda kilipopona sikuweza tena kuugusa mkono ule. Ulipona vibaya, ngozi ikawa nyekundu inayong'aa, na kile kipande cha kidole kilichobaki kilikuwa kinachezacheza chenyewe. Sikumwambia chochote. Nilianza tu kumpa kikombe upande wa kulia. Kitandani nikahamia upande wa ukutani. Nilidhani haoni.

Siku moja ulikuwa unakula uji umejipaka mashavu. Akanyoosha mkono wa kushoto akupanguse. Nikakunyakua. Sikufikiri, nilikunyakua tu, kama ungekuwa karibu na jiko. Baba yako akauangalia mkono wake, kisha akautia mfukoni. Tangu siku ile aliuweka mfukoni hata ndani ya nyumba. Alikula akiwa nao mfukoni. Na mimi, Mungu anisamehe, nilishukuru.

Miezi ikapita. Mazoezini hakuacha kwenda. Nilidhani anakwenda kukaa tu na wenzake. Kumbe alikuwa ameanza kuimba. Mtu ambaye hakuwahi kuimba hata kanisani.

Walirekodi kaseti moja tu maishani mwao. Nyimbo sita, studio ndogo huko mjini, nakala chache walizoziuza wenyewe kwa mkono kwenye dansi. Baba yako aliimba wimbo mmoja, wa mwisho upande wa pili. Alileta nakala nyumbani mchana, mimi nikichambua mchele. Akaitia kwenye redio yetu, akasimama karibu na dirisha, akaupa ukuta uso kama zamani.

Gitaa la mtu mwingine likaanza. Kisha yeye.

Uliwahi kuniuliza ukiwa na miaka tisa, "Mama, baba alikuwa na sauti gani?" Nikakujibu, "Kama ya watu wengine." Ulikuwa uongo. Haikuwa kama ya mtu yeyote. Haikuwa nzuri kwa namna ya waimbaji. Ilikuwa nzito chini na imepasuka kidogo juu, na kabla ya kila mstari alivuta pumzi unaisikia kabisa, kama mtu anayejiandaa kuinua gunia. Halafu neno linatoka jepesi kuliko ulivyotarajia. Alivuta maneno ya mwisho, akayaacha yafe yenyewe. Na alitamka "r" kama mtu wa kwetu, ya kuzunguka, hata alipotaka kujifanya wa mjini.

Nilisahau mchele. Nakwambia ukweli, kwa dakika mbili nzima nilikuwa tena yule msichana wa mandazi.

Kisha wimbo ukafika mahali pa kutaja majina. Unajua nyimbo za zamani, mwimbaji anaacha mashairi anaanza kuwaita watu: fundi wake wa nguo, rafiki wa utotoni, mwenye baa. Baba yako akawataja wawili watatu ninaowajua. Halafu akasema, taratibu, "Adelina, nishike mkono."

Niliinuka nikazima redio.

"Adelina ni nani?"

"Mwimbaji mwenzangu. Anaimba sauti ya pili."

"Na ni mkono upi huo unataka akushike?"

 Akaitoa kaseti, akairudisha kwenye kijumba chake, akaiweka juu ya kabati pamoja na zile za mazoezi. Hakuicheza tena humu ndani. Nami sikuuliza tena, kwa sababu nilikuwa nimejijibu.

Baada ya hapo kikaja kifua. Alikohoa mwaka mmoja, mwisho akakohoa damu. Alikufa wewe una miaka mitatu na miezi. Katika matanga, hapa hapa nje, bendi ilikuja bila vyombo. Mpiga ngoma, Mzee Barasa, akasema wangependa kuimba ule wimbo wa marehemu. Mwanamke mmoja mfupi, amejifunga leso ya kijani, akasimama mbele. Alikuwa amelia mpaka macho yamefunga, na wanawake wote waligeuka wakanitazama mimi. Alipofungua kinywa nikasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Si hapa."  Akaketi chini kwenye nyasi, akafunika uso. Kwaya ya kanisa ikaimba badala yake. Mimi ni wa kwaya ile, lakini siku hiyo nilibaki nimeketi.

Tulimzika nyumbani. Siku tuliyorudi Nairobi niliwasha jiko la makaa kwenye veranda, adhuhuri, jua limesimama. Nikashusha kaseti zote juu ya kabati. Zilikuwa kumi na moja. Ile ya bendi, na kumi za mazoezi, ambamo alikuwa akijirekodi anaimba wimbo bila maneno, anakosea, anacheka, anaanza tena. Katika mojawapo ulikuwemo wewe. Unalia, na yeye anakubembeleza, "Ngoja, mama, ngoja baba amalize." Hiyo nayo nilijua iko wapi kwenye rundo. Nikaitia pia.

Plastiki haiwaki haraka. Inajikunja kwanza. Ule utepe wa kahawia ulijitoa kama matumbo ya kuku, ukajikusanya, ukawa tone jeusi. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na kikombe. Uliniuliza, "Mama, unapika nini?" Nikakujibu, "Hakuna." Harufu ilikaa kwenye sufuria zangu siku tatu.

Kwa watu nilisema wezi waliingia wakachukua redio na kaseti. Redio nilikuwa nimempa jirani wa mtaa wa pili. Shangazi yako aliniamini. Mchungaji aliniamini, akaniombea. Wewe ulikua ukiwalaani wezi hao. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukisema, "Siku moja nitawapata." Mara nyingi nilikuwa nakusuka nywele ukisema hivyo, kichwa chako mapajani mwangu.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mbaya wa siku moja. Lakini kuna darasa la sita.

Unakumbuka tamasha la muziki la shule. Mwalimu alikuwa amekuchagua uimbe peke yako, na alituandikia wazazi tuje. Nilikuja. Nilikuwa kiti cha nyuma, karibu na mlango, nawe umevaa soksi nyeupe nilizokununulia. Ukasimama mbele, na kabla ya mstari wa kwanza ukavuta pumzi. Ile ile. Ya kuinua gunia. Hakuna aliyekufundisha, na sauti yake hukuikumbuka. Neno likatoka jepesi.

Nilitoka nje. Nilisimama nyuma ya vyoo vya shule mpaka makofi yakaisha, kisha nikarudi nyumbani kwa miguu.

Ulikuja unakimbia na cheti. "Mama, uliniona?"

Nikakwambia, "Nilikuwa na maumivu ya kichwa. Na hiyo sauti yako ipunguze, unapayuka."

Sikusahau ulivyokikunja kile cheti. Mara mbili, halafu mara ya tatu. Hukuimba tena. Hata kanisani ulikuwa unafungua mdomo tu. Mwalimu wako aliniita kuuliza kulikoni, nikamwambia mtoto ameamua kushika masomo. Na uliponyamaza, Nafula, nilipata nafuu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nimemzima baba yako mara ya pili, nikalala vizuri.

Viza yako ilipotoka mwaka huu uliniomba picha yake ya kwenda nayo. Nikakupa ile moja tuliyo nayo. Ukaiangalia, ukasema, "Nikimtazama ni kama televisheni iliyozimwa sauti." Ukacheka, ukaitia kwenye pasipoti. Mimi nilikwenda jikoni nikashika ukingo wa sinki.

Kesho yake nilianza kutafuta nakala nyingine ya ile kaseti ya bendi. Shangazi yako hakuwahi kuwa nayo. Miaka hiyo alikuwa bado kijijini. Nikamwendea Mzee Barasa, ambaye siku hizi anashona viatu pale soko la Jericho. Ngoma aliiacha zamani.

"Kaseti?" akasema. "Mama Nafula, hata redio ya kuichezea utatoa wapi? Mwenye studio alikufa, vitu vyake viliuzwa vyuma chakavu. Mimi yangu watoto waliivuta utepe wakafungia kishada."

"Hakuna mwingine?"

Alipiga sindano mara mbili tatu kabla ya kujibu. "Yuko mmoja. Na unamjua."

Nilikaa wiki mbili nikijifanya sikusikia. Kisha nikaomba ruhusa kazini nikaenda mtaa wa Kware. Ghorofa zimebanana hata mchana ngazi ni giza. Adelina anakaa ya sita. Nilipumzika kila kituo cha ngazi, si kwa sababu ya pumzi. Alifungua mlango mwanamke mzee, miguu imevimba, miwani imefungwa kwa uzi. Hakunijua.

"Mimi ni mke wa Wanjala," nikasema.

Alisimama hivyo hivyo ameshika kitasa. Mwisho akasema, "Karibu. Vua tu viatu, nimepiga deki."

Alinitengenezea chai. Nikamweleza nilichofuata. Nikamweleza na jiko pia, kwa sababu nilikuwa sijawahi kumweleza mtu, na kwa namna fulani yeye ndiye aliyestahili kusikia kwanza. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema, "Yangu nilikuwa nayo mpaka juzi juzi. Nilikuwa nakaa Reuben kando ya mto. Maji yakaingia, tukatoka na watoto peke yao. Hata vyeti vyao vya kuzaliwa vilikwenda."

Hivyo basi, mwanangu. Haipo. Nimeuliza kote kunakoulizika. Sauti ya baba yako haipo popote duniani, na nakala iliyokuwa yako ni mimi niliyeichoma.

Nilitaka kuondoka. Badala yake nikauliza, "Mlikuwa pamoja?"

"Miezi saba," akasema. "Sitakudanganya, umri wenyewe huu."

"Kwa nini?"

Aliweka kikombe chini. "Alikuja mazoezini mkono mfukoni. Nikamwambia, toa mkono, huwezi kuimba umejikunja hivyo, pumzi haipiti. Akasema, 'Hutaupenda.' Nikamwambia, kwani nimesema nataka kuuoa? Akautoa. Nikaushika tu, hivi, nimfundishe kuvuta pumzi. Alilia, Mama Nafula. Alilia kama mtu ambaye hajaguswa mwaka mzima."

Ilikuwa mwaka na miezi miwili. Sikumsahihisha.

"Mwisho wake ulikuwa nini?"

"Alipoona damu kwenye leso aliniaga. Akasema anataka kufia kwake."

Mimi miaka yote nilidhani alibaki kwangu kwa kukosa pengine pa kwenda.

Kisha, bila kuombwa, Adelina akaimba ule wimbo. Ameketi kitandani, mikono mapajani, sauti imekwaruza kwa uzee. Nguo za jirani wa juu zilikuwa zinadondosha maji dirishani. Aliuimba wote, na nikausikia mwisho wake kwa mara ya kwanza, kwa maana siku ile niliuzima. Nilimwomba arudie ili niandike. Ni huu:

Mlango haujafungwa, umeegeshwa tu,
nani atausukuma, mimi mkono sina.
Chakula kimepoa, taa inawaka bure,
mwambieni aliye ndani, aliye nje anapiga hodi.

"Aliye ndani ni nani?" nikauliza.

Alinitazama kama unavyomtazama mtu mgumu wa kuelewa. "Si wewe?"

Nikatoa simu nimrekodi, nikuletee angalau hicho. Akaifunika kwa kiganja. "Usimpelekee mtoto sauti yangu," akasema. "Atashika hii akidhani ndiyo ya babake. Mwambie tu ukweli." Ndiyo sababu naandika. Isingekuwa yeye, ningekupa kitu cha kukubembeleza na ukweli ningekaa nao.

Hatukukumbatiana. Alinisindikiza mpaka mlangoni, akaniambia nishike chuma cha ngazi, kuna mahali pameteleza.

Nimejaribu kufikiria ni funzo gani nitoe katika haya yote, na naona mengi ni ya kujipamba. Nina moja tu ambalo nimelilipia mwenyewe. Ukipata mtu, na siku moja mwili wake ukabadilika, kwa ugonjwa au mashine au uzee, mguse siku ile ile. Usingoje uzoee. Mimi nilingoja nizoee, na kila siku niliyongoja ilifanya ya kesho yake kuwa ngumu zaidi, mpaka mtu mwingine akafanya kwa dakika moja nilichoshindwa kwa mwaka. Nilimchukia Adelina miaka ishirini kwa kufanya kazi yangu.

Na sauti yako haikuwa ya kupayuka. Ilikuwa nzuri. Mwalimu alisema kweli, wazazi wale waliopiga makofi walisema kweli, mimi ndiye niliyedanganya. Sikuombi uimbe. Sina haki ya kukuomba hivyo, na huenda ile hamu imeshakufa. Vitu hufa vikinyamazishwa mapema. Nakuambia tu ili usiendelee kuishi kwa neno langu la siku ile.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii chini ya nguo zako. Ungeikuta Doha, ukalia huko, na hasira yako ingenifikia kwa simu ikiwa imepungua makali. Nimeitia kwenye sanduku na kuitoa mara mbili tangu asubuhi. Nimeona kwamba ni ujanja ule ule, wa kufanya jambo kisha nisiwepo linapouma.

Kwa hiyo leo baada ya chai ya saa kumi na mbili nitakupa mkononi. Binamu yako nimemwomba aende kwao mapema. Nitakaa kwenye kiti kilicho mbele yako mpaka uimalize, na sitaondoka kwenda jikoni. Usinihurumie kwa sababu ni siku ya mwisho, wala kwa sababu ya ndege. Shangazi yako yuko tayari kukusindikiza uwanjani peke yake, ikiwa hutaki nije.

Ukifika hapa, inua macho useme la kwanza lililokujia. Sitakukatiza.

Mama yako